Mashamba Sitini na Manne kwenye Karatasi Ndogo

Bahati, 10 Februari 2023

Kwa Wariara, mama yangu kwa jina,

Salamu kutoka hapa kwangu. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka themanini na miwili. Sikio la kushoto limefunga kabisa na la kulia linasikia mvua tu, ndiyo sababu uliponipigia simu wakati wa Krismasi nilimpa jirani aongee. Tuendelee na barua. Naenda posta kila Ijumaa ya pili, mguu ukikubali. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni. Mbuzi alizaa pacha na mmoja amekufa.

Kurasa ulizopiga taipu zimefika, zote sitini na nne. Nimezisoma kwa siku tisa. Mimi nilikuandikia kila familia ya Tebeswet kwenye fulskepu moja, nawe umeiweka kila moja kwenye ukurasa wake wa A4 bila kupoteza mstari. Makosa ni kumi na moja. Nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni.

Huenda ulidhani imetokea tu kwamba mwenye shamba namba 1 yuko ukurasa wa 1, na wa namba 64 yuko ukurasa wa 64. Nilipanga hivyo. Nimefanya na jambo lingine bila kukuuliza: nimewaandikia watu vikaratasi. "Kihara, shamba namba 1, ukurasa wa 1." "Mathenge, shamba namba 41, ukurasa wa 41." Hivyo hadi mwisho. Thelathini na vinane vimefika mikononi mwa watu. Vilivyobaki sikujua nivipeleke wapi. Wengine walienda Kinangop, wengine Laikipia, wengine hawakufika walikokuwa wakienda.

Sisi tuliobaki hukutana tarehe 27 Desemba kwenye ukumbi wa kanisa hapa Bahati. Mwaka huu nataka kila mmoja arudi kwake na kitabu. Mwaka jana tulikuwa ishirini na watatu.

Wasalimie hapo nyumbani.

Ni mimi, Baba Mkubwa wako,
Naftaly, shamba namba 22


Eldoret, 9 Machi 2023

Kwa Baba Mkubwa,

Habari za Bahati? Pole kwa mahindi na kwa mbuzi. Sisi hatujambo. Jepkemei ameingia gredi ya kwanza na tayari amepoteza sweta mbili. Babake, Kiptanui, anakusalimu sana. Anasema kama mguu bado unakusumbua, kuna daktari wa mifupa hapa anayefahamiana naye, na yuko tayari kuja kukuchukua.

Makosa kumi na moja nimeyarekebisha. Sasa kuna jambo la karatasi, na naomba ulisome polepole.

Maxwel, mwenye kiwanda chetu cha kuchapa, amenikubalia nitumie mashine siku za mapumziko. Karatasi ya A4 hana ya kunipa. Lakini stoo kuna maboksi ya karatasi iliyokatwa tayari kwa ajili ya matangazo ya kampeni ya mwaka jana. Mteja aliagiza, tukakata, kisha hakuonekana tena. Ni karatasi nzuri, nzito, nyeupe. Shida ni kwamba ni A5, nusu kamili ya A4. Karatasi ikishakatwa hairefuki.

Basi niliingia kwenye kompyuta nikabadilisha saizi ya ukurasa. Ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Maneno yakamwagika. Kila familia sasa inachukua kurasa mbili, na kitabu kimekuwa na kurasa 127. Mathenge wa namba 41 ameangukia ukurasa wa 80. Wa namba 2 yuko ukurasa wa 3. Aliyebaki kwake ni Kihara peke yake.

Karatasi iliyopo inatosha vitabu arobaini vya namna hiyo. Naomba uwaandikie watu upya uwape namba zao mpya. Nitakutumia orodha.

Mtoto wako,
Wariara


Bahati, 31 Machi 2023

Kwa Wariara, mama yangu kwa jina,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Hapa mvua imekuja kwa siku mbili ikaondoka, kama mgeni aliyekosea nyumba. Mbuzi aliyebaki ananyonya vizuri.

Orodha usinitumie.

Mwaka wa 1974, kampuni yetu ilipolinunua shamba la Tebeswet kutoka kwa mzungu, mimi nilikuwa katibu. Nilikata vikaratasi sitini na vinne kwa mkasi wa kunyolea kondoo, nikaandika namba, nikavikunja na kuvitia ndani ya kopo la maziwa. Tulisimama kwenye zizi la ng'ombe kule juu ya Molo, na baridi ya kule unaijua. Kila mwanachama akatia mkono wake akatoa baloti yake. Hakuna aliyempangia mwenzake. Mimi nilitoa 22. Baba yako alinifuata kwenye foleni, akatoa 23, akacheka akasema hata kopo limejua. Kati ya shamba langu na lake kulikuwa na ua wa kayaba tu.

Tangu tufukuzwe tumepewa namba nyingi. Hema namba fulani, gunia la unga namba fulani, faili namba fulani. Ile ya kopo ndiyo pekee ambayo mtu alijitolea kwa mkono wake mwenyewe.

Mathenge amefariki tangu nilipompelekea kikaratasi chake. Mjane wake, Kui, amekibandika ndani ya jalada la Biblia. Unataka niende nimwambie kwamba bwanake amehamishwa tena, sasa yuko 80?

Kuhusu karatasi ya kampeni sina neno. Kampeni ya mwaka wa 1992 ndiyo iliyotutoa Tebeswet. Si ajabu ikitupa na sanda. Lakini usiwapunguzie watu mashamba, Wariara. Ukurasa mmoja, familia moja, namba ile ile. Tafuta njia.

Wasalimie hapo nyumbani.

Baba Mkubwa wako,
Naftaly, shamba namba 22


Eldoret, 2 Mei 2023

Kwa Baba Mkubwa,

Natumaini mvua imerudi. Hapa imezidi, barabara ya kwetu imekuwa mto na Jepkemei anaenda shule kwa mabega ya Kiptanui. Wote wawili wanakusalimu.

Nimetafuta njia na nimepata moja inayomwacha kila mtu kwake. Ni kuchukua ukurasa wote kama ulivyo na kuupunguza hadi asilimia sabini na moja. A4 ikipunguzwa hivyo inakuwa A5 bila kubaki kitu, na namba hazisongi. Lakini herufi nazo zinapungua. Uliniambia niandike kwa herufi za saizi ya 12; zitakuwa nane na nusu. Nimeweka humu ukurasa wa 41 uone mwenyewe.

Tukikataa hiyo, njia iliyobaki ni kukata maneno. Kwa herufi za 12, ukurasa wa A5 unabeba mistari 31. Siwezi kuongeza, kwa sababu upande wa gundi lazima niache nafasi, la sivyo maneno yanamezwa na mgongo wa kitabu. Wengi wao wana mistari hamsini na kitu.

Kuna kitu kingine. Niliandika kwamba kila familia ilimwagika. Haikuwa kweli. Nilipoangalia vizuri niliona ukurasa mmoja haukumwagika. Ni wa 23. Umeandika mistari mitatu: "Kabiru. Alilima viazi na pareto. Mwaka wa 1992 alibaki shambani na mama yake." Niliupunguza ukurasa hadi saizi ya kadi ya mwaliko, ikatosha bado.

Kihara umemwandikia mpaka jina la fahali wake. Huyu wa 23 ni baba yangu. Nilikuwa na miaka minne, mama alikuwa amenipeleka kwao Subukia. Sauti yake siikumbuki. Niliposikia unaandika kitabu hiki nilikubali kukipiga taipu ili nifike ukurasa huo.

Mtoto wako,
Wariara


Bahati, 9 Juni 2023

Kwa Wariara, mama yangu kwa jina,

Salamu. Mbuzi wa pili naye amekufa, sasa mama yao analia na mimi simsikii. Jirani ndiye anayeniambia. Viazi vimetoka vidogo. Mguu uko pale pale.

Ule ukurasa wa 41 nilimpelekea Kui. Aliushika mbali, akaurudisha karibu, akatoka nao nje kwenye mwanga. Akaniandikia maneno yake hewani kwa kidole kama tunavyofanya, kisha akachoka akanipigia kelele sikioni, nikasikia karibu yote.

"Naftaly, hii umeandika ama umenyunyizia?"

"Hilo la juu si ni jina la bwanako?"

"Hilo la juu nimeona. Hii ingine yote ni siafu."

"Vaa miwani."

"Nimevaa, mzee. Wewe ndio hukuvaa masikio."

Nikamwambia basi nitakata maneno ili herufi zibaki kubwa. Akauliza nitakata nini kwa Mathenge. Nikasema sijui bado. "Usikate lile jiko la kukaushia pareto," akasema. "Alilijenga akiwa na malaria." Kisha akaingia ndani akaniletea chai.

Kwa hiyo nimeanza kukata. Nimeshika penseli nyekundu niliyokuwa nayo tangu siku za kampuni. Nilianza na maneno ya sifa: hodari, mcha Mungu, mpole. Hayo yanatoka bila damu. Baada ya hapo nikatoa ng'ombe. Fahali wa Kihara, aliyeitwa Gavana, ametoka. Miti nimeitoa, isipokuwa mahali ambapo mti ulikuwa mpaka. Watoto waliokufa wadogo sijawatoa na sitawatoa. Mtu akibaki na mistari 33 nakaa naye siku nzima nikitafuta miwili. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Nimefika namba 12.

Ukurasa wa 23 uache ulivyo. Unatosha.

Wasalimie hapo nyumbani.

Baba Mkubwa wako,
Naftaly, shamba namba 22


Eldoret, 21 Agosti 2023

Kwa Baba Mkubwa,

Bahasha ya kurasa ulizokata imefika, ikiwa imelowa pembe moja tu. Pole sana kwa mbuzi. Jepkemei ameng'oka jino na sasa anasoma kila kibao cha barabarani kwa sauti. Tulipopita Salgaa alisoma majina ya hoteli zote mpaka babake akamwomba apumzike. Kiptanui anakusalimu. Huwa namwambia kwamba nawe umemsalimu.

Nimeingiza familia zote ulizokata. Zimetosha, zote sitini na tatu, mistari 31 au chini yake, herufi za 12. Mtu wa namba 41 yuko 41. Jiko la pareto limebaki. Nilipoziona zimelingana hivyo kwenye skrini nilifikiri nitafurahi. Zinaonekana kama zile nyumba za serikali, zote mlango mmoja na dirisha moja.

Maxwel anauza mashine. Mnunuzi anakuja kuichukua tarehe 1 Desemba. Baada ya hapo hakuna kitabu, si kikubwa wala kidogo. Mimi mwenyewe sijui nitafanya kazi wapi.

Sasa ukurasa mweupe ni mmoja tu katika kitabu kizima. Mtu akikifungua atafikiri wino uliisha.

Kabla mama hajafa, alipokuwa amelazwa, aliniambia: "Siku moja muulize Naftaly mkokoteni ulikuwa wapi." Nilifikiri ni homa. Nimekaa na maneno hayo miaka kumi na miwili. Sijui ni mkokoteni gani. Nakuuliza sasa kwa kuwa ni mambo ya kitabu, na kwa sababu nina mistari 28 iliyo wazi.

Mtoto wako,
Wariara


Bahati, 3 Novemba 2023

Kwa Wariara, mama yangu kwa jina,

Barua yako ya Agosti niliipata Septemba tarehe nane. Sikuwa mgonjwa, na posta ilikuwa wazi. Kihara amefariki, tulimzika wiki iliyopita kwenye shamba la kukodi, na mwenye shamba alikubali kwa taabu. Sina habari nyingine za nyumbani.

Maandishi mapya ya ukurasa wa 23 yako kwenye fulskepu iliyomo humu. Lakini sehemu ya mkokoteni nairudia hapa, isije ikakufikia mara ya kwanza ukiwa unapiga taipu kazini mbele ya watu.

Mama yetu, yule uliyepewa jina lake, alikuwa amevunjika nyonga. Alilala kwa Kabiru kwa sababu nyumba yake ilikuwa na sakafu ya mbao. Siku ile, kama saa nane mchana, tuliona moshi upande wa chini, mashamba ya hamsini na kwenda juu. Nilivuka ua wa kayaba nikamkuta Kabiru amekwisha kumvika mama makoti mawili. Akaniambia, "Leta mkokoteni wa maziwa. Mimi nitamfunga kwenye blanketi asiumie." Mkokoteni ulikaa pale penye mizani ya maziwa, kando ya ofisi ya kampuni. Ni mwendo wa dakika kumi. Nikakimbia.

Nilipofika niliona mlango wa ofisi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ndani kulikuwa na sanduku la bati lenye rejista na zile baloti sitini na nne. Niliwaza kwamba likichomwa, hakuna atakayejua nani alikuwa mwenye nini. Niliwaza hivyo kwa maneno haya haya. Nikafungua, nikalibeba, nikaliweka kwenye mkokoteni.

Kisha nikatazama barabara mbili. Ya kurudi 23 ilikuwa na watu mbali kidogo, sikuweza kujua ni watu gani. Ya Molo ilikuwa wazi. Nikajiambia Kabiru ameona moshi umekaribia, amembeba mama mgongoni, wametokea upande wa msitu. Nikasukuma mkokoteni kuelekea Molo. Nilifika jioni, na sanduku likiwa kavu.

Lilikuwa sanduku dogo. Nimelipima: inchi kumi na nane kwa kumi na mbili. Mama angetosha kando yake.

Mtu wa mwisho kumwona Kabiru akiwa hai alimkuta amesimama langoni akitazama upande wa mizani. Angeweza kukimbia, alikuwa na miaka arobaini na minne na miguu mizuri. Mama yako aliambiwa habari hiyo na mtu huyo huyo, pale kambini, mimi nikiwa nimekaa karibu. Hakuniuliza, nami sikumjibu. Tuliishi hivyo mpaka alipokufa.

Rejista hiyo nimeizungusha katika ofisi nyingi kwa miaka thelathini na moja. Haijamrudishia mtu hata inchi moja. Ndiyo niliyotumia kuandika kitabu hiki.

Kama haya hayatoshi kwenye ukurasa, na najua hayatoshi, kata kuanzia pale ninapofika ofisini. Acha ya mwanzo: kuzaliwa kwake, viazi vyake, namna alivyokuwa akipiga mluzi akipalilia. Mtu atasoma na kuona kwamba alikuwa mtu.

Naftaly


Eldoret, 20 Novemba 2023

Kwa Baba Mkubwa,

Barua imefika.

Uliyoandika ni mistari 58 kwa herufi za 12. Ukurasa unabeba 31. Ukimwagika, shamba namba 24 linahamia ukurasa wa 25, na wote wa chini yake wanahama. Ni familia arobaini na moja.

Nitachapa Jumamosi na Jumapili. Mashine inaondoka Ijumaa inayofuata.

Wariara


Bahati, 5 Januari 2024

Kwa Wariara,

Sijui kama bado nina ruhusa ya kukuita kwa lile neno, mama yangu, kwa hiyo nimeliacha.

Natumaini wewe ni mzima, na kwamba umepata pa kufanya kazi. Hapa ni jua na vumbi. Nimemuuza mbuzi.

Maboksi mawili yalifika tarehe 22 Desemba. Kando ya boksi bado kuna picha ya mtu wa kampeni anacheka. Nilitoa vitabu vyote themanini kimoja kimoja na kuvitikisa, nikafikiri huenda umeweka barua ndani ya kimojawapo. Kisha nikatazama chini ya kadibodi. Jumapili nikarudia. Hakukuwa na barua.

Kazi ni safi. Gundi imeshika, pambizo zimelingana, namba ziko chini katikati kama nilivyotaka. Lazima niliseme hilo kwanza kwa sababu ni kweli.

Tarehe 27 tulikuja watu kumi na wanne. Niliweka vitabu mezani na nikaanza hotuba fupi, lakini hawakunisikiliza, au mimi sikuwasikia wakinisikiliza. Kila mmoja alitoa kikaratasi chake, akatazama namba, akafungua ukurasa. Kui alitoa Biblia, akafunua jalada, akahakikisha, halafu akaweka kidole kwenye 41. "Hapa ndio kwangu," akasema. Alisoma bila kuzungusha kitabu kutafuta mwanga. Alipofika kwenye jiko la pareto alifunga kitabu, akakaa nacho mapajani.

Mtoto wa Kihara, mtu mzima mwenye mvi, alinijia akiwa amekasirika. Alinisogelea sikio la kulia.

"Gavana ako wapi?"

"Nilimtoa. Karatasi ilikuwa ndogo."

"Ulimtoa? Siku ile wengine wote waliibwa, yeye ndiye alitufuata mpaka Molo peke yake. Na wewe ndio umekuja kumtoa."

Alichukua kitabu hata hivyo. Kila mtu alichukua kimoja, akasoma ukurasa wake, akakifunga. Sikuona hata mmoja akifunua ukurasa wa mwenzake. Kufika saa tisa ukumbi ulikuwa mtupu. Vitabu sitini na sita viko hapa chini ya kitanda, na mwaka ujao tutakuwa wachache zaidi. Wale ambao sikujua walipo bado sijui walipo. Nilifikiri kitabu kingekuwa Tebeswet. Ni karatasi yenye namba.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa 23.

Nilipoufungua mara ya kwanza nilidhani ni doa. Kwa mbali ni kivuli cha mraba, kijivu, kutoka juu mpaka chini. Nilichukua ile lenzi ninayosomea dawa. Hata kwa lenzi sikuweza kusoma maneno, ila niliweza kuhesabu mistari, nikiiwekea ncha ya sindano mmoja mmoja. Nilihesabu mara tatu. Ni hamsini na nane. Hukukata kitu. Ofisi iko, ufunguo uko, sanduku liko na vipimo vyake. Umeyaingiza yote kwenye ukurasa wake mwenyewe, na hakuna jirani yake hata mmoja aliyehamishwa.

Sijui kama uliyaacha yote ili yasomwe, au uliyafanya madogo hivyo ili yasisomwe. Nimekaa na swali hilo tangu Krismasi. Sikuulizi. Wewe ulikaa na lako miaka kumi na miwili.

Pale ukumbini hapakuwa na macho ya kusoma herufi zile. Wote ni wazee. Wajukuu zao hawakuja, na hawatakuja. Nawajua watu wawili tu ambao ukurasa huo unawahusu na wana macho ya kutosha. Mmoja ni wewe, na umekwisha kuusoma. Wa pili ni Jepkemei, anayesoma vibao vya Salgaa kutoka ndani ya gari. Akikua, mpe. Usimsomee, asome mwenyewe. Na babake, Kiptanui, akiwa karibu wakati huo, asiondoke chumbani. Nimemnyima salamu kwa miaka minane, tangu akuoe, kwa kumhesabu kabila moja na watu niliowaona mbali barabarani ambao sikujua ni akina nani. Kosa lililotendeka langoni pa Kabiru sehemu yake kubwa ni yangu mimi niliyekuwa na mkokoteni mkononi. Msalimie, kama bado unapenda kumpa salamu zangu.

Kuna jambo moja ambalo sikulipanga. Wewe unayejua vitabu huenda uliliona mapema. Namba shufwa hukaa kushoto, witiri kulia. Ukurasa wangu wa 22 unatazamana na wa Kabiru. Kitabu kikiwa wazi kuna nafasi ya gundi kati yetu, upana wa ua wa kayaba. Kikifungwa, maneno yangu ya herufi kubwa yanalala juu ya yake, uso kwa uso, na hakuna nafasi tena.

Kimoja nimekiweka hapa mezani. Asubuhi nakikuta kimefungwa, nakifungua, na jioni nakikuta kimejifunga tena. Gundi bado ni mpya.

Naftaly,
ukurasa wa 22